Tundu Dogo la Hewa: Ajali ya Beryl Markham, Septemba 1936

Nimetakiwa nizungumze kuhusu ajali za ndege ndogo za enzi za mbao na kitambaa. Ziko nyingi mno, na mtu akianza kuzihesabu tutatoka humu usiku wa manane. Nitachukua moja niichambue mpaka kwenye mfupa. Nyingine nitazigusa zitakapohitajika.

Ninayoichukua ilitokea tarehe 5 Septemba 1936, huko Baleine, kijiji cha wavuvi katika kisiwa cha Cape Breton, jimbo la Nova Scotia, nchini Kanada. Ndege ilikuwa Percival Vega Gull. Rubani alikuwa Beryl Markham, mwanamke wa miaka 33, na ndani ya ndege hakuwa na mwenzake. Ipo picha iliyopigwa baada ya hapo: pua imezama matopeni, mkia uko juu, na watu wamesimama wakiitazama.

Mtauliza, mbona nimewaletea ajali ya Kanada? Yasomeni maandishi ya ubavuni mwa ndege hiyo: VP-KCC. VP-K ndiyo iliyokuwa alama ya ndege zilizosajiliwa Kenya enzi za ukoloni. Ndege iliyochomeka pua katika tope la Kanada ilikuwa ya Kenya, mwenyewe alikuwa mlowezi wa Nyeri, na aliyeirusha alikuwa amekulia Njoro.

Beryl alizaliwa Uingereza mwaka 1902, akaletwa huku Kenya akiwa mtoto mdogo. Baba yake, Charles Clutterbuck, alifungua shamba Njoro na kufundisha farasi wa mbio. Mama yake hakuyaweza maisha ya huku, akarudi kwao. Mtoto akabaki na baba, farasi, na watoto wa Kinandi aliocheza na kuwinda nao. Rafiki yake mmoja, Kibii, ambaye baadaye aliitwa arap Ruta, alifanya naye kazi miaka mingi, kwanza kwenye mabanda ya farasi, kisha kwenye ndege. Kiswahili alikipata utotoni. Sisemi haya ili kumpamba. Alikuwa mtoto wa mlowezi, na milango aliyofunguliwa yeye, Kibii hakufunguliwa. Rubani alikuwa Beryl, na mwenye kumsaidia alikuwa Kibii. Hakuna aliyewahi kupendekeza wabadilishane viti.

Urubani alifundishwa Nairobi na Tom Campbell Black, rubani wa kampuni ya Wilson Airways iliyoanzishwa mwaka 1929 na Bi Florence Kerr Wilson, yule yule ambaye jina lake limebaki kwenye uwanja wetu wa Wilson. Mwaka 1931, Beryl alipokuwa akiingia katika urubani, Denys Finch Hatton, mwindaji mashuhuri, alianguka na ndege yake aina ya Gipsy Moth mara tu baada ya kuruka kutoka Voi. Ilikuwa tarehe 14 Mei. Ndege iliwaka moto. Vitabu na filamu vimemlilia Finch Hatton mpaka leo. Aliyekufa pamoja naye, mtumishi wake Kamau, hupewa nusu ya sentensi. Nimeona tumtaje hapa kwa sentensi nzima.

Kwa hiyo Beryl hakuingia angani akidhani ndege ni mchezo. Mwaka 1933 alipata leseni ya kurusha ndege kibiashara, akaanza kazi ya kubeba barua, dawa na abiria, na kuwatafutia wawindaji tembo kutoka angani. Kazi hiyo ya mwisho leo inatuchefua, na ni haki ituchefue. Lakini kwa upande wa urubani ilikuwa shule ngumu kuliko nyingi. Hakukuwa na redio ya kumwambia hewa ya mbele ikoje. Kiwanja kilikuwa kipande cha nyika kilichofyekwa jana, na usiku kiliwashiwa mioto ya kuni. Rubani wa namna hiyo huzoea jambo moja ambalo marubani wa viwanja vikubwa hulisahau: kila dakika anayopita juu ya ardhi anajiuliza, injini ikizima sasa hivi, natua wapi?

Isitoshe, Nairobi yenyewe haisamehe. Uwanja wa Wilson uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi: injini inavuta oksijeni kidogo, bawa linapata kidogo cha kushika, na pangaboi linakata hewa isiyo na uzito. Ndege inayoruka kwa raha Mombasa inaweza kumaliza uwanja mzima Nairobi, saa nane mchana, magurudumu yakiwa bado yanaburura nyasi. Aliyejifunzia hapo hujua kwamba hewa ni sehemu ya injini. Hilo ndilo nitakalolishikilia mpaka mwisho wa mhadhara huu.

Twende Atlantiki. Kufikia mwaka 1936 bahari hiyo ilikuwa imekwisha kuvukwa mara nyingi kutoka Marekani kuja Ulaya. Charles Lindbergh alivuka peke yake mwaka 1927. Amelia Earhart alivuka peke yake mwezi Mei 1932, kutoka Newfoundland hadi Ireland ya Kaskazini, akiandamwa na barafu kwenye mabawa na ufa kwenye bomba la moshi la injini. Kwenda upande wa pili, kutoka Ulaya kwenda Marekani, lilikuwa jambo jingine. Pepo za Atlantiki ya Kaskazini huvuma zaidi kutoka magharibi. Anayetoka Marekani zinamsukuma tezi. Anayetoka Ulaya zinampiga omo, anakwenda bisho njia nzima. Mwaka 1927 Princess Anne wa Löwenstein-Wertheim alipotea baharini na marubani wake wawili. Mwaka uliofuata Elsie Mackay na rubani Hinchliffe wakapotea vilevile. Ni mwezi Aprili 1928 tu ndipo ndege iitwayo Bremen, yenye watu watatu, ilipofanikiwa kufika ng'ambo, nayo ikaangukia kisiwa kidogo cha Greenly kilichojaa barafu. Jim Mollison alikuwa wa kwanza kuvuka peke yake kwa upande huo, mwezi Agosti 1932, lakini alianzia Ireland, si Uingereza. Kuanzia Uingereza, peke yako, bila kutua, hakuna mtu aliyekuwa amefika, mwanamume wala mwanamke.

John Carberry, mlowezi mwenye asili ya Ireland aliyekuwa na shamba Nyeri, ndiye aliyemtolea Beryl changamoto na ndege. Mtu huyu naye alikuwa na historia na ajali: mkewe Maia, aliyekuwa rubani, alikufa katika ajali ya ndege Nairobi mwaka 1928. Vega Gull ile Carberry aliiagiza kwa ajili yake mwenyewe, ashindane katika mbio za Schlesinger kutoka Portsmouth hadi Johannesburg, zilizopangwa kuanza mwishoni mwa Septemba 1936. Akamwambia Beryl aitumie kwanza, mradi irudi kabla ya mbio.

Hapo naomba tusimame kidogo. Wengi wanaoisimulia safari hii wanapita haraka kwenye sharti hilo, kana kwamba ni kichekesho cha mezani. Kwangu mimi ndilo tukio la kwanza la ajali. Rubani aliyeazimwa ndege yenye tarehe ya kurudishwa hasubiri hewa mpaka itulie. Beryl alisubiri siku kadhaa, ripoti za hali ya hewa zikawa mbaya kila siku, na majira ya vuli yakawa yanakaribia. Mwisho akaondoka katika hewa ile ile aliyokuwa akisubiri ipite. Kila mtu humu ambaye amewahi kurusha ndege ya tajiri anaijua sauti hiyo ya kalenda masikioni.

Ndege yenyewe haikuwa mbaya. Mhandisi Edgar Percival aliitengeneza kwa mbao na kuivika kitambaa, yenye viti vinne, mabawa chini na magurudumu yaliyovikwa mifuniko ili yasikamate upepo. Injini ilikuwa Gipsy Six ya de Havilland: silinda sita zilizopangwa mstari mmoja na kugeuzwa kichwa chini, zinazopozwa na hewa, nguvu ya farasi 200. Ubora wake ulithibitishwa wiki chache baadaye, na ushahidi huo nitauleta. Ya Beryl iliitwa The Messenger. Viti vya abiria viling'olewa, mahali pake pakawekwa matangi ya mafuta, hata rubani akabaki ameketi katikati ya petroli. Uzito huo ulihitaji uwanja mrefu, ndiyo maana aliruka kutoka kituo cha jeshi la anga huko Abingdon, karibu saa moja jioni, tarehe 4 Septemba. Redio hakuwa nayo.

Matangi haya ndiyo moyo wa habari yetu, kwa hiyo vijana wa ufundi mnisikilize vizuri. Kila tangi lilikuwa na koki yake. Kwa maelezo yake mwenyewe, matangi ya ziada hayakuwa na geji ya kumwonyesha mafuta yaliyobaki. Alitakiwa aache tangi moja likauke kabisa, injini izime, ndipo afunge koki hiyo na kufungua nyingine. Fikirieni maana yake. Usiku, juu ya Atlantiki, ndani ya mawingu na mvua, injini yako moja tu inanyamaza, na hiyo ndiyo alama ya kwamba mambo yanakwenda kama yalivyopangwa. Mara ya kwanza ilipotokea, anasimulia, alishuka gizani mpaka akayakaribia maji, mikono ikihangaika na koki, ndipo injini ikashika tena. Ni rahisi kumlaumu fundi aliyebuni mpango huo. Lakini geji za wakati ule zilidanganya mara nyingi, na tangi lililokauka kabisa halidanganyi. Mimi nisingeusafiria mpango huo, ingawa naelewa kwa nini mtu aliuona una akili.

Mawingu hayakumwacha. Aliruka sehemu kubwa ya safari kwa kutazama vyombo tu, dira na kipimo cha urefu na saa ya mkononi, huku upepo wa mbele ukimla muda. Tufanye hesabu ya haraka. Kutoka Abingdon hadi Cape Breton ni zaidi ya kilomita 4,000. Vega Gull katika hewa tulivu ilikwenda takriban kilomita 240 kwa saa. Hewa ingekuwa tulivu, safari ingemalizika kwa saa 17 au 18. Beryl alikaa angani saa 21 na dakika zake. Zile saa tatu au nne za ziada hakuzipoteza kwa kupotea njia. Upepo ulizichukua kidogo kidogo usiku kucha. Nazo zilichukuliwa kutoka kwenye tangi moja tu, la mwisho, kwa kuwa mengine yote yalikwisha kukauka.

Mchana aliiona Newfoundland. Ilikuwa nchi kavu, lakini hakutua. Alikusudia kufika Sydney, mji wa Cape Breton wenye uwanja wa ndege, aongeze mafuta kisha aende New York. Akaendelea juu ya maji. Tangi la mwisho, kwa hesabu zake, lilikuwa na mafuta ya kutosha. Hapo injini ikakohoa, ikazima, ikashika, ikazima tena. Akafungua na kufunga koki mara nyingi mpaka vidole vikachubuka. Kila iliposhika alipanda juu kidogo. Kila ilipozima alirudi chini.

Sasa tuingie ndani ya tangi. Mafuta hayatoki kwenye chombo kilichozibwa. Kila lita inayokwenda kwenye injini lazima nafasi yake ichukuliwe na hewa kutoka nje, na hewa hiyo hupita kwenye tundu dogo, kipumulio cha tangi. Mama akitoboa kopo la mafuta ya kupikia tundu moja, mafuta hugugumia, yanatoka kidogo, yanasita, yanatoka tena. Akitoboa la pili upande mwingine, yanamiminika. Kipumulio ndicho tundu la pili. Kikizibwa, utupu unaanza kujijenga ndani ya tangi, mafuta yanavutwa nyuma, injini inakosa chakula ilhali tangi lina petroli. Injini ikizima, mvuto unalegea, hewa kidogo inapenya, mafuta yanashuka, injini inashika, na kisa kinaanza upya.

Kipi kilikiziba? Barafu. Matone ya wingu yanaweza kubaki maji hata joto likishuka chini ya nyuzi sifuri, na yakigusa kitu chochote yanaganda papo hapo. Hupendelea vitu vidogo vinavyochomoza kwenye upepo: waya, ncha, mdomo wa bomba. Bawa nene huchelewa kupata barafu. Kibomba chembamba hupata mapema. Nadhani matangi ya mwanzo yaliponea hapo, kwa sababu yalimalizika kabla barafu haijakomaa. La mwisho lilikaa saa nyingi kwenye unyevu na baridi likisubiri zamu yake, na zamu ilipofika pumzi ilikuwa imekwisha kuzibwa.

Maelezo haya ni ya Beryl mwenyewe, na mtu ana haki ya kuuliza kama tumwamini. Shahidi alikuwa mmoja, na kitabu chake, West with the Night, kilitoka mwaka 1942, miaka sita baadaye. Tena kuna mabishano marefu kama kweli alikiandika yeye au mume wake wa tatu, Raoul Schumacher, aliyekuwa mwandishi. Wataalamu wa fasihi waendelee kubishana. Ernest Hemingway alikisifu mno katika barua yake binafsi, naye Hemingway hakuwa mtu wa kugawa sifa ovyo kwa waandishi wenzake. Mimi si mtu wa fasihi. Naupima ushahidi kwa fundi, si kwa mhakiki.

Na fundi anasema hivi. Mafuta yangekuwa yamekwisha, injini ingezima mara moja na kunyamaza moja kwa moja. Labda ingeshika kidogo kwa matone ya mwisho, basi. Ingekuwa barafu ndani ya kabureta, nguvu ingepungua polepole, mzunguko wa pangaboi ukishuka taratibu, injini ikitetemeka kabla ya kukata. Kuzima na kushika, kuzima na kushika kwa muda mrefu, katika tangi linalojulikana kuwa na mafuta, ni tabia ya tangi linalokosa pumzi. Dalili alizozisimulia zinalingana na ugonjwa alioutaja. Mtu anayetunga hadithi ili aonekane shujaa angechagua jambo kubwa zaidi, dhoruba au radi. Hangechagua kitundu.

Nimeitaja barafu ya kabureta, na najua kuna wanafunzi hapa wanaodhani hayo ni mambo ya Ulaya. Sivyo. Ndani ya koo la kabureta, petroli inapogeuka mvuke inanyonya joto, na hewa inapobanwa kupita mahali pembamba inapoa zaidi. Joto linaweza kushuka nyuzi 20 au zaidi kwa kufumba na kufumbua. Asubuhi ya Julai pale Nairobi, manyunyu yakidondoka, nje ni nyuzi 14 au 15. Ndani ya kabureta kunaweza kuwa chini ya sifuri, na unyevu wa kutengeneza barafu umejaa tele. Hakuna theluji hata chembe kwenye nyasi, na injini inasongwa na barafu. Ndiyo maana ndege nyingi zenye kabureta zina mkono wa kuingiza hewa ya moto, na ndiyo maana mwalimu wako anakupigia kelele uuvute kabla ya kupunguza nguvu. Anayeuvuta baada ya injini kunyamaza mara nyingi amechelewa, kwa sababu joto la kuyeyusha barafu linatoka kwenye injini hiyo hiyo iliyonyamaza.

Turudi kwa Beryl, tulimwacha vibaya juu ya maji. Aliifikia nchi kavu kwa urefu ule mdogo aliokuwa akiuokota kila injini ilipoamka. Uwanja wa Sydney ulikuwa mbele, haukufikika. Chini palikuwa na mawe makubwa na kipande cha kijani kilichoonekana tambarare. Rubani aliyezoea nyika hakutumia sekunde kutamani uwanja wa Sydney. Aliiongoza ndege mbali na mawe, akaipeleka kwenye kijani. Kijani kikawa kinamasi. Magurudumu yalizama, ndege ikasimamia pua, yeye akagonga kichwa kwenye kioo. Akatoka mwenyewe, damu ikimtiririka usoni, akakanyaga tope mpaka alipokutana na wavuvi, nao wakamwongoza hadi kwenye simu.

Je, alichagua vibaya? Nimewahi kusikia mabishano kwamba angetafuta ardhi ngumu. Siafiki. Ardhi ngumu ya pwani ile ni mwamba, na ndege ya mbao ikigonga mwamba haibaki na chumba cha rubani. Tope lilimvunjia ndege, likamwachia uhai. Katika kutua kwa dharura, kitu laini kisichotarajiwa ni bora kuliko kitu kigumu kinachojulikana, na ndege ikisimamia pua kwa mwendo mdogo ni mambo ya fundi seremala, si ya mchimba kaburi.

Magazeti ya New York yalimshangilia, na mji ukampokea kwa shangwe. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantiki peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi, na mtu wa kwanza kuivuka peke yake kutoka Uingereza bila kutua. Lakini New York ndiko alikokuwa amekusudia kutua, kwa hiyo kwa hesabu yake mwenyewe hakuwa amefika. Ndege ya Carberry haikuweza tena kushindana. Tarehe 19 Septemba, majuma mawili tu baadaye, mwalimu wake Tom Campbell Black alikufa katika uwanja wa Speke, Liverpool, akiwa ardhini ndani ya ndege yake, ndege ya kijeshi iliyokuwa ikitembea uwanjani ilipomgonga. Naye alikuwa akijiandaa kwa mbio zile zile za Schlesinger. Hakuna injini iliyokosea hapo wala wingu.

Mbio zilifanyika. Ndege moja tu ndiyo iliyofika Johannesburg, ikirushwa na C.W.A. Scott na Giles Guthrie, kwa takriban saa 53. Huo ndio ushahidi niliouahidi. Ndege hiyo ilikuwa Vega Gull yenye injini ya Gipsy Six, ndugu wa toka nitoke wa The Messenger. Ilivuka Ulaya, jangwa la Misri, nyanda za Afrika Mashariki zenye hewa nyepesi, ikamaliza. Anayesema Beryl aliangushwa na injini mbovu aniambie injini hiyo hiyo iliwafikishaje wenzake kule.

Wala sikubali neno la pili, kwamba aliangushwa na hali mbaya ya hewa. Hewa ilikuwa mbaya tangu Ireland, na alikuwa akiishinda saa baada ya saa. Kilichomshusha ni pale hewa ilipopata mlango wa kuingia ndani ya mtambo: upepo uliorefusha safari mpaka ikategemea tangi moja, unyevu ulioganda kwenye kipumulio cha tangi hilo, mpango wa matangi usiompa njia ya pili, na tarehe ya Carberry iliyomtoa Abingdon siku isiyofaa. Ukiondoa kimoja kati ya hivyo, anatua Sydney, anakunywa chai, anaongeza mafuta.

Beryl alirudi Kenya baadaye, akarudia farasi, akawa mfunzi aliyeshinda mashindano makubwa, akafa Nairobi tarehe 3 Agosti 1986 akiwa na miaka 83. Wengi wa rika lake la marubani hawakufika nusu ya umri huo.

Nina maombi mawili, kisha nitapokea maswali. La kwanza ni kwa mafundi na marubani vijana. Mnapoizunguka ndege asubuhi, msiishie kugonga matairi na kupima oili. Tafuteni kipumulio cha kila tangi, mjue kiko wapi, mtazame ndani yake. Kwetu huku mara nyingi hamtakuta barafu. Mtakuta nyigu wa udongo amekwisha kujenga nyumba, na matokeo ni yale yale. La pili ni kwa watakaokuja kuandika ripoti za ajali. Mkitaka kuandika kwamba chanzo kilikuwa hali mbaya ya hewa, kalamu isisimame hapo. Andikeni hewa hiyo iliingia wapi, saa ngapi, na nani alikuwa na haraka siku hiyo.